Makato ya Nyumba Yafike na Kijijini

Nina rafiki anayefundisha katika shule ya msingi huko Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Kila mwisho wa mwezi huitazama hati yake ya mshahara na kukuta pengo lile lile: asilimia 1.5 imekwenda kujenga nyumba za bei nafuu. Kwa mtu apataye shilingi 40,000, hizo ni shilingi 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho. Kwa mwalimu wa kijijini, si fedha za kudharauliwa.

Itakumbukwa kwamba makato haya yalizua mvutano mkubwa. Mnamo Novemba 28, 2023, Mahakama Kuu iliamua kuwa yalikiuka Katiba, ikisema pamoja na mengine kwamba yaliwabagua wenye ajira rasmi. Bunge likatunga sheria nyingine, nayo ikatiwa sahihi Machi 2024. Sina nia ya kuifufua kesi hiyo. Ninalouliza ni kama rafiki yangu atapata chochote.

Mwaka 2025, taifa lilipoadhimisha Sikukuu ya Madaraka mjini Homa Bay, nyumba za ghorofa za mpango huu zilikabidhiwa wenyewe hapo mjini. Ni jambo jema, hasa kwa mfanyakazi aliyechoshwa na kodi. Lakini mwalimu wa Ndhiwa, kama wenzake wa Uriri na Nyatike kule Migori, hahitaji ghorofa. Kwa mila za Wajaluo, kijana hujenga simba katika boma la babake. Akishaoa na kupata watoto hutoka akaanzisha boma lake mwenyewe. Asiye na boma huhesabiwa hajakomaa, hata awe na shahada tatu. Ardhi ya kujengea anayo. Asichokuwa nacho ni fedha za saruji na mabati.

Akienda benki ataulizwa hatimiliki, na hatimiliki nyingi za mashambani zingali na jina la babu aliyefariki zamani. Wajukuu wamegawana kwa maneno tu, na mipaka yao ni mikonge. Chama cha akiba na mikopo, kwa upande wake, hutazama mshahara wa mkopaji na wenzake waliokubali kumdhamini. Walimu wa nchi hii wamekopeshana hivyo kwa miaka mingi. Akina mama nao wana nyoluoro, mchango wa kupokezana zamu kwa zamu. Vikundi vya mabati vya wanawake wa Mkoa wa Kati viliezeka nyumba nyingi kwa njia hiyo hiyo, bila kumngoja mkandarasi.

Sheria ya 2024 yenyewe inazitambua nyumba za mashambani. Nionavyo mimi, sehemu ya hazina hiyo ingepitia vyama hivi kama mkopo wa riba ndogo, na itumike papo hapo kijijini. Yapo matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa bila moto. Hayahitaji hata mti mmoja wa kuni. (Udongo mweusi wa bondeni haufai, huvimba na kupasuka, hilo wanafunzi wa jiografia wanalijua.) Vijana wa vyuo vya ufundi wangeyafyatua, wakajifunza uashi kwa kujenga, na ujira wao ukazunguka katika soko la hapo hapo.

Nitaambiwa kwamba ghorofa moja mjini ni rahisi kukagua kuliko vyumba elfu moja vijijini. Ni kweli. Wala sidai kwamba vyama vyote ni safi. Tumeona akiba za wanyonge zikifujwa na viongozi wao. Lakini katika mkutano wa mwaka wa chama, mwalimu husimama akamwuliza mweka hazina fedha zimekwenda wapi. Kwenye hazina ya taifa, atamwuliza nani?

Rafiki yangu ameanza kujenga kwa akiba yake. Kuta zimefika kwenye lenta. Juzi alizifunika kwa karatasi za nailoni, maana mvua za masika zinakaribia, na fedha za mabati bado hajazipata.