Katiba ya Lihau bado iko kazini

Hapa Bukavu, kijana akisema anataka kusoma sheria, wako wazee watakaomhurumia. Watamwambia achague udaktari au biashara, kwa kuwa katika nchi hii sheria ni ya mwenye bunduki. Tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, hata watu waliokuwa wakiyapinga maneno hayo wameanza kuyasema. Nayaelewa, maana yanatoka kwenye machungu ya kweli. Lakini historia yetu wenyewe inayakanusha.

Mchukue Marcel Lihau. Alizaliwa Bumba mwaka 1931, akawa miongoni mwa Wakongomani wa kwanza kabisa kusomea sheria, kule Leuven nchini Ubelgiji. Mwaka 1963 alikuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Lovanium. Kuanzia Januari hadi Aprili 1964 alikuwa katibu mkuu wa tume iliyokaa Luluabourg, Kananga ya leo, kuiandikia nchi katiba.

Uangalie vizuri mwaka huo. Kiongozi wa waasi Mulele alikuwa amekwisha kuwasha vita Kwilu. Mwezi wa Mei, Uvira ikaangukia mikononi mwa waasi. Kura ya maoni ikapigwa Juni na Julai, katiba ikatangazwa tarehe 1 Agosti, na Agosti hiyohiyo risasi zikalia ndani ya Bukavu mpaka askari wa serikali chini ya Léonard Mulamba walipowarudisha waasi nyuma. Ni nani hapa mjini angekuwa na hamu ya kusikia habari za maprofesa na ibara zao? Kisha Novemba 1965 Mobutu akatwaa madaraka, na katiba ile ikawekwa kando kabla haijatimiza mwaka mmoja na nusu.

Wengi hufunga hesabu hapo na kusema, mnaona, bunduki imeshinda. Wanafunga mapema mno. Jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililo kwenye kadi zetu za uchaguzi, liliingia na katiba hiyo ya 1964. Mobutu alilifuta mwaka 1971 akatupa Zaïre. Mwaka 1997 likarudi. Mahakama ya Katiba ilikuwa imeandikwa Luluabourg. Ikarudi katika katiba ya 2006. Mikoa yenye bunge na serikali yake, vilevile. Nchi ilipokuwa ikitafuta mlango wa kutokea vitani, ilirudi kwenye njia ambayo Lihau na wenzake walikuwa wameichora miaka 40 na zaidi kabla. Katiba ya sasa inasema mkoa ubaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwake. Kinshasa haijaitekeleza ipasavyo, najua. Lakini Kivu Kusini inaweza kulidai fungu hilo kama haki yake, bila kupiga magoti, kwa sababu limeandikwa.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo silikwepi. Lihau huyo alikaa katika serikali ya Makamishna Wakuu baada ya Mobutu kuingilia siasa mwaka 1960, na kuanzia 1968 alikuwa rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Mobutu huyohuyo. Je, hakuwa akiuvika udikteta joho la heshima? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Lakini mwaka 1975 alikataa kutekeleza adhabu kali dhidi ya wanafunzi walioandamana, akafukuzwa kazi. Baadaye akawa miongoni mwa waasisi wa chama cha UDPS, akaishia uhamishoni Marekani. Mtawala aliyekuwa na jeshi zima aliona lazima amwondoe jaji mmoja. Asingejisumbua kama sheria ingekuwa karatasi tupu.

Na tusiende mbali. Pale Kavumu, karibu na uwanja wa ndege, watoto wa kike wapatao 40 walitekwa usiku na kubakwa kati ya 2013 na 2016. Frederic Batumike alikuwa mbunge wa mkoa na kiongozi wa wanamgambo, mtu ambaye watu walimwogopa kumtaja. Desemba 2017, mahakama ya kijeshi ilikaa hukohuko Kavumu, ikamhukumu yeye na wenzake 10 kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Waliomfikisha pale ni wazazi waliothubutu kusema, madaktari walioandika walichokiona, na mawakili waliojua ni kifungu gani kinamkamata mtu wa aina hiyo. Ukimwondoa wakili hapo, ushahidi wote unabaki kilio.

Vita hii ya sasa nayo itafika mezani. Siku hiyo kutakuwa na maswali magumu: hati ya kiwanja iliyopatikana chini ya utawala wa silaha ina nguvu gani? Hukumu je? Na ndoa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wasio na kosa? Yatataka watu waliokwisha kuyasoma kabla, kama Lihau alivyokuwa tayari mwaka 1964, na wengine kati yao wanapaswa kuwa madarasani leo katika vyuo vikuu vya hapa Bukavu.