Msiisingizie Baridi

Masika yakiisha na kipupwe kuanza, kuanzia Handeni hadi Korogwe, sisi tunaofuga kuku uani hurudia ubishi uleule. Huyu anamsifu Kuroiler kutoka India kwa kukua upesi, yule Sasso wa Ufaransa kwa uzito, mwingine anaapa kwa kuchi na miguu yake mirefu. Kuku wakianza kufa, ubishi unakwisha: ni baridi, ni upepo.

Sikubali. Banda bichi linamdhoofisha kuku, kweli, lakini baridi haimpindi shingo wala haimharishi kijani. Huo ni mdondo, na mdondo hauchagui mbegu. Chanjo ipo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kabla ugonjwa haujaingia. Ukishaingia, umechelewa.

Anayenunua vifaranga vya bei kisha akaiona chanjo ni gharama anacheza kamari na kuku wa wenzake, maana kuku wa uani hawajui mipaka. Hasara inamfikia mama wa jirani, ambaye matetea wake watano ndio madaftari ya wanawe. Tubishanie mbegu, lakini tuwe tumeshachanja.