Kamba wa Tangini na Shashi wa Malishoni

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo watu wengi wanaofuga samaki wa baharini majumbani mwao, ndani ya matangi ya kioo yaliyopambwa kwa mawe na matumbawe hai. Kiumbe mmoja apendwaye sana katika matangi hayo ni kamba mdogo, urefu wake kama sentimita 6, mwenye mgongo mwekundu uliopitiwa na mstari mweupe. Wanasayansi humwita Lysmata amboinensis. Makao yake ni Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki, na baadhi ya wale wauzwao ng'ambo huvuliwa katika maji ya Kenya. Akiwa baharini husimama juu ya jiwe, akazipungapunga papasi zake nyeupe, na samaki humjia ili awaondolee vimelea na ngozi iliyokufa. Hata mkunga na chewa, ambao wangeweza kummeza mara moja, humfumbulia vinywa vyao, akaingia na kutoka salama.

Wauzaji humwita msafishaji, na jina hilo ndilo lililoleta makosa, kwani mwenye tangi hudhani kwamba amenunua mtumishi. Kamba huyu hasafishi maji hata kidogo. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yao, na mabaki ya chakula yaozapo hutoa nyingine. Bakteria waishio juu ya mawe na mchangani huigeuza sumu hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Kazi ya kubeba ndoo ni ya mwenye tangi. Kamba naye hula na kutoa uchafu wake. Basi ameongeza mzigo.

Wala yeye si tabibu wa kila ugonjwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, walionyesha kwamba kamba huyu hula mayai na mabuu ya aina moja ya minyoo bapa wanaowashambulia samaki, na kwamba alipokuwapo maambukizo mapya yalipungua karibu nusu. Hilo si jambo dogo. Lakini kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe hujichimbia chini ya ngozi ya samaki, mahali ambapo koleo za kamba hazifiki. Mwenye tangi akihangaika hutia dawa ya shaba majini. Shaba humponya samaki na kumwua kamba. Mjuzi humhamisha samaki mgonjwa kwenye chombo cha pembeni, akamtibu huko.

Yaweza kudhaniwa kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbali wenye fedha za kuchezea. Ni kweli kwamba katika Wilaya za Mbulu na Hanang, zilizo mamia ya kilomita kutoka pwani, hakuna shule ya sekondari yenye sababu ya kununua tangi la maji ya chumvi. Lakini msafishaji, mwenyeji wake, kimelea na dawa wote wanne wapo katika nchi ya wafugaji, na somo lao laweza kusomwa juu ya migongo ya ng'ombe, kuanzia Dongobesh hadi Katesh, popote shashi anapotua.

Shashi, ambaye wengine humwita askari wa kifaru, ana aina mbili, domo-jekundu na domo-njano, na zote mbili zapatikana Tanzania. Darasani hutajwa kuwa mfano wa ushirika wa kunufaishana: ndege hushiba, mnyama hutakata. Mwanafunzi hukariri sentensi hiyo, akapata alama yake, na somo likaishia hapo. Sentensi yenyewe ni nusu ya kweli.

Shashi ni mlaji hodari. Uchunguzi wa ndege waliofungiwa, uliofanywa Afrika Kusini, ulionyesha kwamba shashi domo-jekundu mmoja aweza kula kupe wa buluu majike walioshiba 100 hivi kwa siku. Hata hivyo, mwaka 2000 Paul Weeks alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya Zimbabwe. Maksai waliokingwa wasifikiwe na ndege hao hawakuzidi wenzao kwa idadi ya kupe wazima, na tena vidonda vyao vilipona upesi zaidi. Shashi hupenda damu, na damu haipatikani ndani ya kupe peke yake. Huchokoa kidonda kisifunge. Vivyo hivyo baharini: yule samaki msafishaji aitwaye Labroides dimidiatus, akiachiwa achague, hupendelea ute wa ngozi ya mteja wake kuliko vimelea. Kila mmoja wao anatafuta chakula, na usafi ni matokeo yanayoweza kutokea au yasitokee.

Je, mfugaji amfukuze shashi? La. Jaribio la mahali pamoja haliwezi kutoa hukumu juu ya malisho yote ya Bonde la Ufa, ambako aina za kupe, wingi wa ndege na majira ya mvua hutofautiana. Lakini mfugaji wa Kiiraqw au Kibarabaig atakayemtegemea ndege peke yake atazika ndama, kwani kupe wa kahawia huleta ndigana kali. Josho ni la lazima. Swali ni dawa gani itiwe humo.

Historia yatosha kuwa onyo. Kusini mwa Afrika majosho ya aseniki yaliwadhuru shashi kwa sumu na kwa kuwanyima chakula, na shashi domo-njano alitoweka Afrika Kusini hata akaonekana tena katika Hifadhi ya Kruger mwaka 1979. Tanzania nayo katika miaka ya 1970 ilitumia sana toksafini, dawa ambayo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka katika orodha ya sumu za kukomeshwa, na ambayo kiasi kidogo chake kikifika mtoni huua samaki. Siku hizi zipo dawa kama amitrazi zisizomdhuru shashi zitumiwapo kwa kipimo chake. Mwenye tangi humhamisha mgonjwa. Mfugaji hawezi kumhamisha ndege, ila aweza kuchagua dawa.

Mwalimu wa biolojia wa Mbulu au Hanang anaweza basi kuweka kando ile sentensi ya kukariri na kuwapeleka wanafunzi zizini, kwa ruhusa ya mwenye mifugo na pamoja na bwana mifugo. Ng'ombe wale wale 10 wakaguliwe kila wiki kabla ya siku ya josho, sikio moja kila mmoja, na kupe wahesabiwe bila kushikwa kwa mkono mtupu. Kundi jingine la wanafunzi liketi mbali malishoni na saa, liandike shashi amekaa dakika ngapi sikioni, ngapi mgongoni na ngapi kwenye kidonda. Jina la dawa ya josho na tarehe yake viandikwe katika daftari hilo hilo, na wiki ambayo shashi hakuonekana kabisa iandikwe sifuri.