Usagara Ni Njia Panda: Tusiwe Taifa la Wapita Njia

Mwanafunzi akilitafuta jina la Usagara katika vitabu vya historia ya Tanzania, atakutana kwanza na Usagara ya upande wa Kilosa na Mpwapwa, ambako Carl Peters alipita mwaka 1884 akikusanya alama za machifu kwenye mikataba ya hadaa. Usagara ninayoizungumzia hapa ni nyingine. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Misungwi, kusini mwa jiji la Mwanza, mahali ambapo barabara itokayo Shinyanga inagawanyika: mkono mmoja unaingia mjini, mwingine unaelekea Kigongo, Sengerema na Geita. Kwa wasafiri wengi ni mahali pa kushusha abiria, kununua maji ya chupa na kuondoka.

Hali hiyo sasa itazidi. Daraja la Kigongo–Busisi, linaloitwa kwa jina la Rais John Magufuli, lilifunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kilomita tatu hivi juu ya Ghuba ya Mwanza, na safari iliyokuwa ikingoja kivuko sasa ni ya dakika chache. Reli ya kisasa ya kutoka Mwanza hadi Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, inapita Fela, jirani kabisa na Usagara. Haya ni mambo ya kushukuru. Mgonjwa anayekimbizwa Bugando kutoka Sengerema hana haja ya falsafa juu ya mandhari ya ziwa, anahitaji kuvuka. Lakini kila njia mpya huamua jambo jingine kimyakimya: huamua watu wasimame wapi na wapite wapi bila kugeuza shingo. Hoja yangu ni kwamba Kanda ya Ziwa ina miji, visiwa na miamba yenye historia ya kutosha kumsimamisha msafiri, na kwamba tusipoamua sasa kuitambua na kuilinda, mwendo huu mpya utaifuta kwa kasi kuliko uzembe wetu wa zamani.

Tuanze na kilichopo. Agosti 1858 John Hanning Speke alifika Mwanza na kuliona ziwa, akalipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa na majina yao kwalo tangu zamani. Aliyekuwa naye safarini, akimfasiria na kumwongoza, ni Sidi Mubarak Bombay, mtu wa asili ya Kiyao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto. Miaka 17 baadaye, mwanzoni mwa 1875, Henry Morton Stanley alifika Kageye, kijiji cha ufukweni katika nchi ya Magu ya leo, akaunganisha hapo mashua yake na kuanza kulizunguka ziwa. Mmoja wa Waingereza wenzake, Frederick Barker, alifia hapo hapo. Mwishoni mwa 1878 wamisionari wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Kageye, na mapema mwaka uliofuata wawili kati yao walivuka kwenda Buganda. Kijiji kimoja cha wavuvi, basi, kilikuwa mlango wa biashara ya misafara, wa uchunguzi wa kikoloni na wa dini iliyobadili maisha ya mamilioni ya watu nchini Uganda.

Tuvuke kwenda Ukerewe. Kule Kagunguli ndiko Aniceti Kitereza alikokuwa katekista na ndiko alikoandika kwa Kikerewe riwaya yake kubwa, akaimaliza mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Jirani yake, kisiwani Ukara, wakulima waliwashangaza wataalamu wa kilimo tangu enzi za Waingereza kwa jinsi walivyolisha ng'ombe zizini, wakakusanya samadi na kuilea ardhi ndogo yenye watu wengi isichoke.

Turudi bara. Kisesa, kando ya barabara ya Musoma, kuna kituo cha Bujora, kilichoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada katika miaka ya 1950, chenye makumbusho ya Wasukuma, ngoma za watemi na kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma. Kila mwaka, majira ya sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu hukutana kushindana kwa ngoma katika Bulabo. Mjini kwenyewe kuna Kisiwa cha Saanane, kilichobeba jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake. Kilifanywa bustani ya wanyama katika miaka ya 1960 na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Huko Igoma wamelala waliozama na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Na kotekote vijijini yamesambaa maghala na vinu vya kuchambulia pamba, mabaki ya ushirika uliojengwa na wakulima wenyewe chini ya viongozi kama Paul Bomani. Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria lilianzishwa mwaka 1955, likawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika, hadi serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976.

Nimeyaorodhesha haya makusudi, kwa sababu ugonjwa wetu ni kudhani kwamba Mwanza ina samaki na mawe, na kwamba historia iko Bagamoyo, Kilwa na Unguja. Dhana hiyo haikuota yenyewe. Imo hata katika sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo yanangoja waziri ayatangaze. Mwaka huo unawafaa watu waliojenga kwa mawe na chokaa mapema. Magofu ya Kilwa yanaingia bila kubisha hodi. Msukuma aliyejenga ikulu ya mtemi kwa miti na nyasi, ambayo kwa asili yake hujengwa upya kila kizazi, anabaki nje. Mkulima wa pamba aliyejenga ghala la ushirika mwaka 1957 anabaki nje. Sheria haikukusudia ubaya, lakini imeipima historia kwa kile kinachodumu kwa mawe, na kwa kipimo hicho sehemu kubwa ya bara ni watu wasiokuwa na jana.

Yapo mawe, hata hivyo, ambayo hayakujengwa na mtu. Miamba ya Mwanza, iliyopandana kana kwamba imepangwa kwa mkono, ndiyo sura ya kanda hii. Jiwe la Bismarck lililosimama majini limekuwa nembo ya jiji. Lakini ukitoka mjini kuelekea vijijini utasikia nyundo. Familia nzima, akina mama na watoto wakiwamo, hukaa juani wakipasua mwamba kuwa kokoto. Mwamba uliochukua mamilioni ya miaka kuchongwa na mvua na jua unaishia kwenye msingi wa fremu ya duka. Simlaumu mpasua kokoto. Ameliona jiwe na kulipatia bei, jambo ambalo sisi wenye shahada hatujafanya. Mwamba uliosimama haumlipi chochote. Uliovunjika unamlipa leo jioni. Anayetaka mwamba ubaki hana budi kueleza ni nani atamlipa huyo mama kwa kuuacha.

Hapa naomba msomaji anifuate hadi kusini mwa Hispania, katika jimbo la Andalusia, sehemu ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya ukame, mabwanyenye wa ardhi na vijana waliohamia Ujerumani na Ufaransa kutafuta vibarua. Katika mji wa Ronda kuna daraja la mawe lililokamilika mwaka 1793, juu ya korongo lenye kina cha kutisha. Jengo la halmashauri la zamani, lililo ukingoni mwa korongo, limegeuzwa nyumba ya wageni inayomilikiwa na serikali, katika mtandao ulioanza mwaka 1928 wa kuyapa majengo ya kale kazi mpya. Daraja lile hupitisha watu kama madaraja yote, lakini pia huwasimamisha.

Mfano wa pili ni wa unyenyekevu zaidi. Kati ya vijiji vya Olvera na Puerto Serrano ilijengwa reli katika miaka ya 1920. Vita na ufukara vikaikatiza, na haikupitisha treni hata moja. Wenyeji hawakuing'oa yote wala kuiachia vichaka. Wameifanya njia ya waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, kilomita 36, ikipita katika mahandaki na juu ya madaraja, na stesheni zake zimekuwa mahali pa kula na kulala. Mradi ulioshindwa ukazaa riziki ya vijiji. Sasa fikirieni gati za vivuko za Kigongo na Busisi. Kwa miaka mingi foleni ya magari ndiyo iliyokuwa soko la mama lishe, wauza samaki na vijana wa kubeba mizigo. Daraja limeondoa foleni, na pamoja nayo wateja. Gati zipo, ghuba ipo, daraja lenyewe ni la kutazamwa. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba mahali pale pawe pa kusimama: maegesho, vyoo, vibanda vya chakula vyenye utaratibu, na kibao kinachoeleza kwamba mwaka 1958 wananchi wa Geita, ng'ambo ya ghuba hii, waliandamana hadi Mwanza kuikataa halmashauri ya mseto wa rangi waliyobandikiwa na Waingereza. Ni madereva wangapi wanaovuka leo wanaoijua habari hiyo?

Hispania haitufundishi mazuri tu. Juni 2024 maelfu ya watu waliandamana Málaga, kwa sababu nyumba za kupanga zimegeuzwa za watalii na wenyeji hawazimudu tena. Huko ndiko mtu anakofika akimwachia mgeni kuamua thamani ya mahali pake. Kwa hiyo sipendekezi tuirembe Kanda ya Ziwa kwa ajili ya ndege za kukodi. Mgeni wa kwanza wa Kageye anapaswa kuwa mwanafunzi wa sekondari wa Magu. Wa Bujora, mwalimu wa Shinyanga. Wa Ukerewe, mtumishi aliyehamishiwa Geita ambaye hadi leo likizo yake ni kurudi Dar es Salaam. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Watalii wa nje hukimbia kwa ugonjwa au vita moja; mwaka 2020 ulituonyesha hivyo. Mwenyeji haendi popote.

Wapo watakaosema kwamba halmashauri isiyo na madawati haina anasa ya kuhifadhi maghala ya pamba. Hoja hiyo ina uzito, ila inachanganya kuhifadhi na kujenga makumbusho. Hatua za kwanza zinahitaji kalamu zaidi ya fedha. Sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 zinazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Misungwi, Magu, Sengerema, Ukerewe na Ilemela zinaweza kuorodhesha miamba isiyopasuliwa, na papo hapo kutenga machimbo ya kokoto yenye vibali ili mpasuaji asikose kazi. Waziri mwenye dhamana anaweza kutangaza maeneo yaliyojengwa baada ya 1863. Uwezo huo anao tayari, anachohitaji ni orodha iliyoandaliwa vizuri. Na Bunge linaweza kuuliza kwa nini mwaka huo mmoja uendelee kuwa mpaka kati ya historia na vifusi.

Orodha hiyo ni kazi yetu wa vyuo. Kila mwaka tunawapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo, na wengi hurudi na ripoti za kurasa 30 ambazo hakuna atakayezisoma. Kundi la wanafunzi kumi, kwa wiki nane, linaweza kukaa na wazee wa Kigongo, Kageye au Nansio, likapima majengo, likaandika majina ya vilima na sababu za majina hayo, na nakala ikabaki ofisi ya kijiji. Wanaharakati, ninyi mnaojua kuandika barua zinazosumbua ofisi, ulizeni halmashauri zenu ni maeneo gani yamo katika mpango wa matumizi ya ardhi kabla viwanja havijapimwa. Nanyi watumishi wa umma, maofisa utamaduni na ardhi, mnajua kuliko sisi jinsi mwamba unavyouzwa kwa saini moja ya haraka.

Bei ya ardhi kando ya barabara ya Usagara haitangoja semina zetu. Reli ikikamilika, ukuta wa maduka na maghala mapya utaziba kila kitu kutoka Fela hadi majini, na atakayezaliwa humo ataamini kwa dhati kwamba kwao hakukuwa na kitu. Mwanzo wa kulizuia hilo uko wazi: vikao vya bajeti vya halmashauri zinazoizunguka ghuba vifungue kifungu kimoja, hata kidogo, cha kuandikisha maeneo ya kihistoria na mandhari, na madiwani waulizwe mwaka mmoja baadaye orodha iko wapi.