Chanda Chema ni Kimoja Tu?

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete, na tena wakasema mcheza kwao hutunzwa. Sina ugomvi na wahenga. Nimeshika kalamu nitoe maoni yangu katika jarida letu hili la Chama cha Kiswahili kuhusu zawadi zinazotolewa siku ya wazazi kwa waliopita vizuri. Mimi naona zina kasoro, ingawa si ile kasoro inayosemwa sana na wenzangu madarasani.

Wako wanaotaka zawadi zifutwe kabisa. Ati zinaleta husuda na majivuno. Siwaungi mkono hata kidogo. Mwanafunzi aliyekesha na vitabu mpaka akapata A au B+ amefanya kazi, na kazi ina ujira wake. Isitoshe, hapa kwetu Amu hatuoni haya kumtuza mtu. Wakati wa Maulidi twajaa ufukweni kutazama mbio za punda, mashindano ya vyombo vya tanga na ya kuogelea, na mshindi hupewa chake hadharani, watu wakipiga vigelegele. Sijasikia mtu akilalamika kwamba mbio za punda zinaleta husuda. (Labda punda wenyewe.) Mbona basi anayekimbia katika hesabu na fizikia asishangiliwe?

Mpaka hapo mimi na wapenda zawadi tuko mashua moja. Twaachana katika jambo hili: punda hupangwa mstari mmoja kabla ya kuachiliwa. Je, sisi?

Shule yetu ni ya kutwa. Kengele ya mwisho ikilia kila mtu hushika njia yake. Kuna anayekwenda kwenye nyumba yenye meza na taa na kaka wa kumfafanulia. Kuna anayevuka kwa mashua, na maji yakiwa yametoka hulazimika kushuka atembee kwenye tope, viatu mkononi. Kuna msichana ambaye akifika ni kuteka maji, kupika na kulea mdogo wake, vitabu avifungue saa nne za usiku akiwa ashachoka. Na wako wavulana ambao msimu wa kaskazi huenda baharini usiku, kwa sababu baba ni mvuvi na karo inatoka kwenye samaki. Asubuhi sote twakalishwa chumba kimoja, twapewa karatasi moja, kisha twaambiwa tazameni nani hodari.

Mwaka jana tukiwa kidato cha pili, kulikuwa na kijana mmoja darasani kwetu, jina nalihifadhi. Muhula wa kwanza alikuwa wa 41 kati ya wanafunzi 46. Muhula wa tatu alikuwa wa 19. Mtu ametoka D mpaka C, na usiku yumo mashuani na ami yake! Siku ya wazazi jina lake halikutajwa. Mama yake alikuwepo, akakaa mpaka mwisho, akawapigia makofi watoto wa wenziwe. Waliotajwa ni walewale watatu wa kidato cha kwanza. Mmoja wao sasa ana mikebe mitatu ya jometri. Hesabu ni moja, mikebe mitatu ya nini?

Jambo hili limewahi kuisumbua nchi nzima. Mwaka 2014 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi katika KCPE na KCSE. Mashindano yalikuwa yamepita kiasi. Zilikuwepo shule zilizowarudisha wanafunzi dhaifu darasa la chini au kuwasajili kwingine, ili wastani wa shule usishuke. Yaani mtoto aliyehitaji mwalimu zaidi ndiye aliyeondolewa.

Na mwaka huohuo wa 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, shule za wadi ya Basuba kule msitu wa Boni zilifungwa, walimu wakaondoka, watoto wakapoteza miaka. Tuseme mtoto wa Mangai au Kiangwe alirudi darasani baadaye, akapata alama 230 kati ya 500 za KCPE (mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023). Mwenziwe wa mjini akapata 330. Nani amepiga makasia zaidi? Karatasi ya matokeo haisemi.

Chuoni tulikosoma Kurani mambo si hivyo. Mtoto akihitimu hufanyiwa sherehe, husomewa dua, watu hula pilau. Haulizwi amehitimu wa ngapi. Hata punda wetu wana bahati: ile hospitali yao ya ufukweni, iliyoanza 1987, imekuwa ikiwatuza wenye punda waliotunzwa vyema, si wenye mbio tu. Punda wa kubeba mchanga ana nafasi ya kushinda. Mwanafunzi wa kubeba maji hana.

Nilipoyasema haya katika mjadala wa chama, mwalimu mmoja alinijibu kwamba dunia haina huruma. Chuo kikuu kinataka C+, hakiulizi ulivuka bahari au hukuvuka. Ni kweli tupu, na ndiyo sababu sikusema tuzo za walioongoza ziondolewe. Lakini hata udhamini wa Wings to Fly, ulioanza 2010, hauangalii alama peke yake. Huuliza na hali ya nyumbani. Tena chuo kikuu ni mlango wa mwisho, kazi yake ni kuchuja. Kazi ya shule ni kutufikisha hapo mlangoni, wengi iwezekanavyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wanafunzi watatu hawapandishi wastani wa shule nzima.

Wala sitaki kila mtu apewe zawadi. Hiyo si zawadi, ni peremende. Nataka wale watatu wabaki, kisha kila darasa litoe tuzo ya aliyepanda zaidi kutoka muhula wa kwanza hadi wa tatu, na itolewe kwanza, wazazi wakiwa bado hawajaanza kutazama saa. Na ile tabia ya kusoma majina mpaka wa mwisho mbele ya wageni ikome. Aliyeshika mkia anajijua. Zawadi nazo ziwe za maana: vitabu vya marudio, au taa ya jua kwa anayesoma usiku, badala ya sahani na chupa za chai ambazo huishia kabatini kwa mama.

Pesa zaidi hazihitajiki. Fedha za mikebe na chupa za chai zatosha. Orodha za alama za mihula yote mitatu ziko ofisini, na kutoa alama za muhula mmoja kutoka kwa za mwingine ni kazi ya jioni moja. Mwalimu anayetayarisha majina ya mwaka huu akikosa nafasi, mimi na wanachama wawili tuko tayari kukaa naye baada ya kengele, ila iwe siku ambayo maji yamejaa, ili wanaovuka wapate kurudi makwao.