Vita ya Pishori Mwea: Mwenye Doo Mkononi Ndiye Mkubwa

Msee, ukiwa kwa mat ya Embu, ukishapita Makutano na kuingia Ngurubani, pale wengine huita Wang'uru, utaona mifuko ya mchele imepangwa kando ya barabara kama nguo za Gikomba. Kampuni tofauti, rangi tofauti, ahadi ni moja: pishori safi ya Mwea. Swali ni, kati ya hawa wote nani anashinda hii soko? Na mbona mkulima, mwenye mali, bado analia?

Wachezaji kwanza. Kuna MRGM, chama cha ushirika cha wakulima wenyewe, wana mashine yao ya kukoboa. Kuna Mwea Rice Mills, ambako gava imeweka mkono. Kuna wakoboaji wa kibinafsi kama Nice Rice Millers na wengine kibao hapo mjini. Halafu kuna mabroka, ambao hawana hata mashine. Wana simu, lori na pesa.

Usidhani huu ushindani ulikuwa hapo tangu zamani. Skimu ilianza miaka ya 1950, mifereji ikichimbwa na watu waliozuiliwa wakati wa Mau Mau. Kwa miaka mingi mnunuzi alikuwa mmoja, Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji. Unalima, unapeleka, unaambiwa bei. 1998 wakulima wakachoka, wakakataa kupeleka mpunga. Januari 1999 vijana wawili wakafa kwenye makabiliano na polisi. Baada ya hapo ndio mashine za watu binafsi zikaota kila kona. Kwa hivyo hii haki ya kuuzia yeyote unayetaka haikuletwa na mtu kwa sahani.

Sasa tupime. Mavuno makubwa huja kuelekea Disemba. Mkulima anadaiwa na mwenye trekta, waliopanda, na wale vijana wa kufukuza ndege. Januari shule zinafungua. Huyu mtu hatafuti bei nzuri, anatafuta doo leo. Chama kinampa mbolea na mbegu kwa mkopo, kinachukua mpunga, kinakoboa, kinauza, kinakata deni lake, ndio analipwa. Broker anafika hadi shambani na pesa mfukoni. Chama ni kama sacco ya mathe, broker ni kama Fuliza. Unajua ile gani ni ghali, lakini pia unajua ile gani hujibu saa tano usiku.

Kwa mbio, broker na mkoboaji wa kibinafsi wameacha chama mbali sana. Kwa faida ya msimu mzima, stori inageuka. Kilo 100 za mpunga hutoa kama kilo 60 hadi 65 za mchele. Mkulima akiuza mpunga mbichi kwa haraka, hiyo faida ya kukoboa, kuweka stoo na kungoja bei ipande anaachia mtu mwingine. Na pishori iliyokaa kidogo hupikika vizuri kuliko mpya, ile mpya hushikana kama uji. Yaani mwenye stoo analipwa kwa kungoja tu.

Lakini kipimo kinachokuhusu wewe mlaji ni kingine: ndani ya mfuko kuna nini? Kenya inakula mchele mwingi kuliko inaolima, mbali sana. Unaobaki unatoka Pakistan na kwingineko, mwingine Tanzania. Ule wa Tanzania unaingia bila ushuru kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini wa Pakistan umekuwa ukilipa asilimia 35. Hapo ndipo wajanja wanapata kazi. Tuseme pishori ni soo mbili kilo, ya nje soo na mbao. Changanya nusu kwa nusu, andika Mwea juu, umeokota bob arobaini kwa kila kilo bila kukanyaga matope. Mkoboaji msafi atashindana aje na huyo? Akiweka bei ya haki anaonekana mwizi. Hiyo ndio sababu mimi sisomi ukubwa wa kampuni hapa kama dalili ya ubora. Anayeuza mifuko mingi huenda anauza pishori kidogo kuliko wote.

Halafu gava ikaongeza moto. Julai 2025 ilitangaza kuruhusu tani 500,000 za mchele ziingie bila ushuru. Wakulima wakapiga kelele kwamba wao wenyewe wana mchele umekwama stoo. Mahakama Kuu ya Kerugoya ikasimamisha, baadaye nusu ya hiyo tani ikaruhusiwa, na KNTC, kampuni ya biashara ya serikali, ikaambiwa inunue ya wakulima. Angalia vizuri nani huumia hapo. Broker alishauza zamani, hana stoo. Anayeungua ni aliyefuata ushauri mzuri, akaweka, akangoja bei.

Na mpunga utaongezeka. Bwawa la Thiba lilikamilika 2022 na sasa watu wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kuvuna mara mbili maana yake kuna mavuno yatakutana na mvua, na mpunga uliolowa haungoji mtu. Chama kikipata mashine za kukausha na pesa ya kulipa mkulima hata nusu siku anapoleta gunia, hao mabroka watatafuta kazi ingine. Kisipopata, mambo ni yale yale.

Wikendi ukipita Ngurubani, muulize muuzaji vitu viwili: umekobolewa wapi, na lini. Akianza kuangalia kando, nunua ndengu uende zako.