Wageni wa pointi waipita Mtwara, washukia Unguja

MTALII wa Marekani au Ulaya anayetafuta kisiwa cha joto cha kupumzika siku hizi mara nyingi haanzi na ramani. Anaanza na hesabu ya pointi alizonazo. Pointi hizo hutolewa na makampuni makubwa ya hoteli kama Marriott, Hilton, Hyatt na IHG kila mteja anapolala katika hoteli zao, na wengi huzipata pia kwa kununua vitu kwa kadi za mkopo za benki zenye mkataba na makampuni hayo. Zikifika kiwango kilichowekwa, mteja analala bila kulipia chumba.

Kwa mkulima wa Tandahimba au mchuuzi wa pweza wa Msimbati, jambo hili linaweza kuonekana la watu wa mbali. Hata hivyo ndilo linaloamua, kwa kiasi kikubwa kuliko inavyodhaniwa, boti ya nani ikodishwe na nyanya za nani zinunuliwe. Katika makampuni hayo manne hakuna hata moja lenye hoteli mkoani Mtwara. Kwa mwenye pointi, basi, pwani yote kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma haimo katika orodha. Haikukataliwa kwa ubaya wake. Haikuonekana kabisa.

Ubaya wenyewe haupo. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000 na ina eneo la kilomita za mraba 650, bahari na nchi kavu. Ndani yake mna matumbawe, mikoko, kasa na mchanga mweupe wa Msimbati ambao wachache tu wa nje wameukanyaga. Mikindani nayo ni mji wa zamani wenye Boma la Wajerumani la mwaka 1895, na ndiko Dk. Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866.

Stakabadhi isiyo na mzigo

Mkulima wa korosho anaijua stakabadhi ghalani. Anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, anapewa karatasi, anasubiri mnada. Anaweza kulalamikia makato au ucheleweshaji wa malipo, lakini nyuma ya karatasi ile kuna kilo zinazohesabika.

Pointi ya hoteli ni stakabadhi ya aina nyingine. Nyuma yake hakuna kilo. Kuna ahadi ya kampuni, na mwenye ghala ndiye anayepanga bei. Zamani makampuni mengi yalikuwa na jedwali lililoonyesha kwamba hoteli ya daraja fulani inahitaji pointi kadhaa kwa usiku. Hilton iliachana na jedwali la namna hiyo mwaka 2017, Marriott ikafuata mwaka 2022. Tangu hapo idadi ya pointi hupanda na kushuka kadiri wateja wanavyogombania chumba, na anayeweka pointi miaka mitano akingoja safari ya maisha anaweza kukuta hazitoshi. Tena zinakufa: kwa Marriott na Hyatt, akaunti isiyo na shughuli yoyote kwa miezi 24 hupoteza pointi zake.

Kuna pia kangomba ya pointi. Makampuni humruhusu mteja kubadilisha pointi kwa bidhaa dukani au vocha za manunuzi, kwa kiwango ambacho karibu kila mara ni hasara kwake. Wapo vilevile madalali wa kuzinunua kwa fedha taslimu, kinyume cha masharti, na anayekamatwa hufungiwa akaunti. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayelala Dubai mara tatu kwa mwaka na kukusanya pointi bila kujua anafanana sana na mkulima anayeuza kwa bakuli usiku.

Kipimo ni rahisi. Tuseme hoteli moja inauza chumba kwa dola 400 kwa usiku, kodi ikiwemo, au pointi 50,000. Gawanya, na kila pointi imenunua senti 0.8 ya dola. Hoteli ya pili, kisiwani peke yake, inauza dola 900 au pointi 90,000. Hapo kila pointi imenunua senti moja kamili. Kwa hesabu hiyo kisiwa cha pili kimeshinda, na wengi huishia hapo.

Kosa ni kuishia hapo. Visiwa vya Maldives, ambavyo ndivyo ndoto ya wenye pointi wengi, mara nyingi vina hoteli moja kwa kila kisiwa. Kufika huko mara nyingi ni kwa ndege inayotua majini, na nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi huwa dola mia kadhaa. Tuseme ni 600. Wawili wanalipa 1,200. Chakula hakipatikani kwingine ila hotelini. Tuseme dola 200 kwa siku kwa wawili, siku tano ni 1,000. Waliokwenda “bure” wametoa mfukoni dola 2,200, licha ya pointi 450,000. (Marriott huwatoza wanachama wake pointi za usiku nne kwa usiku tano, na Hilton hufanya hivyo kwa wenye daraja la Silver na kuendelea, kwa hiyo zingeweza kuwa 360,000. Bado ni nyingi.)

Linganisha na Unguja. Park Hyatt iliyofunguliwa mwaka 2015 iko Shangani, ndani ya Mji Mkongwe, na mgeni wake akitoka mlangoni anafika Forodhani kwa miguu kabla mishkaki haijapoa. Mgeni wa nje hulipa dola 44 za bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, anapanda boti kutoka Dar es Salaam au ndege, na kwa dola 50 kwa siku wawili wanaweza kula vizuri mjini. Ufukwe wa pale si wa kuogelea kama wa Nungwi, ni kweli. Anayetaka mchanga na ukimya tu hatauridhia.

Fedha ya mfukoni inakwenda kwa nani

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa mkulima. Mgeni wa pointi halipi chumba, lakini analipa karibu kila kitu kingine: chakula, boti, mwongozaji, kanga, kinyago, teksi. Mara nyingi anatumia zaidi, kwa kuwa anajiona amepunguziwa. Katika kisiwa kilichofungwa fedha hiyo yote inapokelewa na kaunta moja. Katika mji ulio wazi inapokelewa na watu wengi: muuza urojo, nahodha wa mashua ya Changuu, mwenye duka Darajani.

Na hoteli yenyewe je? Wengi hudhani jina lililo ukutani ndilo mmiliki. Sivyo. Park Hyatt ya Unguja na Hyatt Regency ya Dar es Salaam, iliyokuwa Kilimanjaro, zinamilikiwa na Albwardy Investment ya Dubai, na Hyatt huziendesha kwa mkataba. Mmiliki hulipa ada ya jina, ada ya uendeshaji, na mchango wa mpango wa pointi kila mwanachama anapolipia chumba. Mwanachama akilala kwa pointi, mfuko wa mpango humrudishia mwenye hoteli kiasi fulani. Hoteli ikiwa na vyumba vingi vitupu kiasi hicho huwa kidogo, kinachokaribia gharama za kufua mashuka na kuwasha umeme, na ikiwa imejaa karibu yote hupanda kusogelea bei ya kawaida. Ndiyo maana mwenye hoteli wa mahali penye msimu mfupi huwakaribisha wageni wa pointi kwa moyo wa nusu nusu: vyumba havikai vitupu, lakini faida anaitafuta jikoni na baa. Anayetafuta faida jikoni hubana bei ya samaki.

Kwa mantiki hiyo, hoteli yenye jina kubwa ikija Mtwara siku moja, mahali itakapowekwa ni jambo zito kuliko jina lenyewe. Ikiwa Mikindani au Shangani ya Mtwara mjini, mgeni atatoka nje kwa miguu. Ikiwa ni uzio mmoja Msimbati wenye gati lake na boti zake, kijiji kitauza pweza na vibarua, basi.

Mpaka na bima

Kuna kizingiti kingine ambacho pointi haziwezi kukilipia. Oktoba 2017 wapiganaji walianza mashambulizi Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado, ng’ambo ya Ruvuma. Septemba 2020 walifika kisiwa cha Vamizi, kilichokuwa na moja ya hoteli za kifahari zaidi katika pwani hii yote. Mwezi uliofuata walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania. Machi 2021 waliingia Palma.

Baada ya hapo Uingereza iliwaonya raia wake wasiende bila sababu ya lazima ndani ya kilomita 20 kutoka mpaka huo. Onyo la namna hiyo halimzuii mtu kwa polisi. Linamzuia kwa bima, maana makampuni mengi ya bima ya safari hayamlipi aliyeumia au kuugua akiwa katika eneo alilokatazwa na serikali yake. Msimbati iko ndani ya ukanda huo. Mikindani na Mtwara mjini ziko nje. Kampuni ya hoteli inayotaka kuandika jina lake ufukweni hutazama mstari huo kabla ya kutazama mchanga.

Barabara nayo ina hadithi yake. Daraja la Mkapa lilifungua njia ya Rufiji mwaka 2003, lakini mvua za mwaka 2024 na kimbunga Hidaya mwezi Mei viliikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Uwanja wa ndege wa Mtwara umepanuliwa, hilo ni la kushukuru.

Soko lililopo kabla ya hoteli

Kungoja si lazima. Wageni wengi wa pwani ya Tanzania huja Juni hadi Septemba, miezi ambayo mkulima wa korosho anapulizia salfa na mfuko hauna kitu, kwa kuwa minada huanza Oktoba. Mboga, mayai na matunda ya kiangazi kutoka mabonde ya Ruvuma na Kitere yangejaza pengo hilo hasa. Sehemu kubwa ya mboga na matunda ya hoteli za Unguja tayari hutoka bara na nje ya nchi, na hoteli hizo hazimuulizi mtu anatoka mkoa gani. Zinauliza mambo mengine: kilo zilezile kila wiki, samaki wa barafu asiyenuka, risiti ya EFD na namba ya mlipakodi, na subira ya kulipwa baada ya siku 30 au zaidi. Mchuuzi mmoja hawezi masharti hayo. Kikundi kilichosajiliwa chenye jokofu na mtaji wa mwezi mmoja kinaweza, na kikiweza kuihudumia hoteli ya Unguja kwa umbali huo, ile ya Mikindani itakuwa kazi nyepesi.

Kinachohitaji haraka ni ardhi. Madalali wa fukwe hawangoji onyo la Uingereza liondolewe; hununua sasa, bei ikiwa chini, wakitaja majina makubwa ya hoteli ambayo hayajasaini chochote. Wana Mtwara waliozisikia ahadi za gesi hadi mji ukawaka Mei 2013 hawana sababu ya kuliamini jina la mdomoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe ardhi ya kijiji ya hadi hekta 250 kabla haijahamishwa kuwa ardhi ya jumla, na ikishahamishwa hairudi kijijini kwa mkulima kujuta. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mkutano wa kijiji unaweza kumuuliza anayekuja na jina la Hyatt au Marriott maswali mawili: mkataba wa jina hilo uko wapi na umesainiwa na nani, na baada ya uzio kujengwa, wavuvi watapita wapi kufikia bahari. Majibu yaandikwe katika muhtasari kabla ya mkono wowote kunyooshwa.